Dakika Kumi na Moja za Muindi

Watu wa Mlolongo walimwita Muindi Maundu "Kapteni" miaka nenda miaka rudi, cheo chenyewe akiwa hajakipata. Ni tabia yetu mbaya hiyo, ya kumvisha mtu nguo za harusi kabla posa haijajibiwa. Muuza mboga alimwita Kapteni, fundi wa viatu karibu na mizani ya malori alimwita Kapteni, na yeye aliitika kwa aibu kidogo, maana kazi yake halisi ilikuwa kutia mafuta kwenye ndege za watu wengine.

Kazi hiyo aliianza mwaka wa 1988 katika uwanja mdogo wa ndege upande wa Nairobi, alipotoka kwao Wamunyu akiwa na miaka ishirini na miwili. Baba yake, mzee Maundu, alikuwa mchonga vinyago na alitaka mwanawe ashike tezo kama ukoo mzima ulivyoshika. Muindi akashika mpira wa mafuta. Siku za mapumziko aliosha ndege za shule ya urubani iliyokuwa hapo uwanjani, na malipo yake hayakuwa pesa. Alipatana na mkuu wa shule hiyo, Kapteni Erastus, kwamba akiosha ndege kumi atafundishwa kuruka saa moja. Ndege kumi, saa moja! Mtu mwingine angecheka akaenda zake. Muindi aliosha kwa miaka kumi na minne, akafikisha saa mia mbili, na kila saa aliiandika kwa mkono wake katika kitabu cha safari, herufi zimelala upande mmoja, safi, bila doa la wino.

Basi, kuruka alikujua. Kilichobaki ni mitihani. Leseni ya kurusha ndege kwa mshahara ilidai mitihani saba ya nadharia, na sita alikuwa ameshaifaulu, yote kwa kalamu na karatasi. Wa saba, ule wa kutafuta njia angani, aliufanya mara ya kwanza akitetemeka kwa malaria, akaanguka. Sheria iliruhusu majaribio matatu tu kwa kila somo. Ukianguka la tatu, hata ile sita uliyofaulu inafutwa, nawe unarudi mwanzo kama mtu aliyejiandikisha jana.

Alikuwa amejiandaa kuurudia ule wa saba kwa karatasi ilipokuja habari kwamba karatasi zimekwisha. Kuanzia mwaka huo, 2003, mitihani ya marubani ingefanywa kwa kompyuta.

Kwa vijana hiyo ilikuwa habari njema. Kwa Muindi ilikuwa sawa na kuambiwa ale kwa mkono wa kushoto. Kapteni Erastus alikuwa amemfundisha njia moja tu: chora kwanza. Unachora mstari wa safari, unachora upepo, na jibu linajitokeza lenyewe pale mistari inapokutana. Karatasi ilikuwa na nafasi ya kuchora, na msahihishaji alikuwa mtu mwenye macho. Ukikosea hesabu mwishoni lakini hatua zako ni sahihi, alikupa alama za hatua. Kompyuta haikutaka hatua. Ilikuuliza swali, ikakupa majibu manne, ikaketi hapo ikihesabu sekunde pembeni mwa kioo.

Jaribio la pili alilifanya hivyo hivyo, na afadhali tusilizungumzie sana. Kile kipanya cha kusukuma juu ya meza kilimkimbia mkononi. Alifika swali la ishirini na sita kati ya hamsini, muda ukaisha.

Likabaki moja.

Mkewe Wavinya, mwalimu wa chekechea, hakumlaumu. Alimwambia, "Baba Ngina, wewe umeosha ndege elfu mbili. Kompyuta ni nini?" Akampeleka kwa mkono hadi saiba, duka la kompyuta za kukodi lililokuwa ghorofa ya chini ya jumba lao, akamkabidhi kwa Tracy, msichana aliyekuwa akiliendesha.

"Mzee, usishike mouse hivyo, haitoroki," Tracy alimwambia siku ya kwanza. "We shika pole pole. Relax."

Akarelax. Miezi saba alikwenda kila jioni akitoka kazini, akiwa bado ananuka mafuta ya ndege, akaketi kati ya wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakiandikiana barua za mapenzi. Alijifunza kuchora upesi kwenye karatasi ya kando na kubofya jibu bila kutazama mkono. Kapteni Erastus alimtungia maswali, Tracy akayaingiza kwenye mashine na saa ikihesabu vilevile. Kufikia Aprili mwaka wa 2004 alikuwa anamaliza maswali hamsini na kubakiwa na dakika nne. Tracy alimpigia makofi hadi saiba nzima ikageuka kutazama.

Mwezi huohuo Kapteni Erastus alimletea neno. Kampuni moja ndogo ya kubeba mizigo kaskazini ilikuwa na kiti cha rubani msaidizi, na mwenye kampuni hiyo alikuwa rafiki yake. "Nimemwambia angoje hadi Julai," alisema. "Faulu hii moja, Muindi. Hutaosha ndege tena maisha yako." Muindi alikuwa na miaka thelathini na minane. Alijua vizuri kwamba kiti kama hicho hakimngojei mtu mara mbili.

Hapa inafaa kusema habari ya Kioko, maana bila Kioko mtu hawezi kuelewa yaliyofuata. Kioko ni binamu yake. Mwaka wa 1979 walifanya pamoja mtihani wa darasa la saba kule Wamunyu, na kila mtu alijua Kioko ndiye mwenye akili. Msimamizi alipotangaza, "Kalamu chini!", Kioko alikuwa amebakisha tarakimu moja. Akaiandika. Msimamizi alimwendea, akaichukua karatasi yake mbele ya darasa zima, akaipiga mstari mwekundu kutoka kona hadi kona. Kioko hakwenda sekondari. Mpaka leo anachonga twiga kando ya barabara, na twiga wake ni wazuri, lakini si hilo alilozaliwa kufanya. Muindi alikuwa dawati la pili nyuma yake. Aliweka mikono yake miwili juu ya magoti siku hiyo, na ndani ya chumba cha mtihani mikono hiyo ikawa haina tena mwenyewe, ila sauti ya msimamizi.

Jaribio la tatu la Muindi lilikuwa Jumanne mwishoni mwa Aprili, saa tatu asubuhi, katika chuo kimoja pale Athi River ambacho ofisi ya mitihani ilikodi kwa sababu ya kompyuta zake. Watahiniwa walikuwa kumi na wanane. Muindi aliketi karibu na dirisha, na kulia kwake akaketi Lenny, kijana wa miaka ishirini na miwili kutoka Syokimau aliyekuwa akisomea shule ileile ya Kapteni Erastus. Ndege aliyojifunzia Lenny ilikuwa inaoshwa na Muindi.

"Niaje mzee," Lenny alisema. "Leo ni leo."

"Ni leo, kijana wangu."

Msimamizi alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Madam Pauline, mpole, mwenye koti la manjano. Aliwasomea masharti, akatoa ishara, wakaanza.

Muindi hajapata kufanya mtihani vizuri namna ile. Alisimulia baadaye kwamba swali la kwanza lilikuja kama swali la Kapteni Erastus mwenyewe. Alichora, akabofya. Alichora, akabofya. Upepo wa kando, mafuta ya kutosha, saa ya kufika, yote yalikubali. Alipomaliza la arobaini na moja, saa pembeni mwa kioo ilionyesha dakika kumi na nne, na maswali yaliyobaki ni tisa. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita alijiruhusu kujiona ndani ya shati jeupe la rubani lenye mistari mabegani.

Stima ikapotea.

Taa zilizima, feni ikasimama, na zaidi ya nusu ya kompyuta zikawa giza. Chini ya kila meza palikuwa na kisanduku cha betri cha kuishikilia mashine stima ikiondoka, lakini visanduku vingi vilikuwa vimezeeka, vikafa papo hapo. Vichache vilishika. Cha Muindi kilishika. Cha Lenny kilishika. Watu wakaanza kupiga kelele, huyu anasimama, yule anagonga kioo, na Madam Pauline akainua mikono yote miwili.

"Wote! Tulieni! Hakuna mtu kugusa kitu mpaka niseme!"

Akatoka mbio kumtafuta mtu wa jenereta.

Muindi alitoa mkono kwenye kipanya. Akaiweka mikono yote miwili juu ya magoti.

Mbele yake kioo kilikuwa kinang'aa vizuri kabisa. Swali la arobaini na mbili lilikuwa pale, na jibu lake alikuwa ameshalichora. Kumi na nne ikawa kumi na tatu. Alisikia upande wa kulia, tik, tik, Lenny akiendelea. Alimwona. Aliwaona wengine wawili mbele wakiendelea pia, wameinamisha vichwa. Akawasikitikia! Hilo ndilo linaloumiza. Alikaa pale akiwasikitikia, akifikiria mstari mwekundu, akijiambia kwamba Madam akirudi atawashika na karatasi zao zitafutwa, ingawa hakukuwa na karatasi. Kuhusu muda hakuwa na wasiwasi mwanzoni. Katika mitihani yote aliyowahi kufanya, kitu kikitokea, mvua kubwa ya mawe juu ya mabati, nyuki darasani, msimamizi aliangalia saa yake, akachukua chaki, akaandika ubaoni: dakika kadhaa zimeongezwa. Muda ulikuwa mali ya mtu, na mtu aliweza kuurudisha.

Kumi na moja. Tisa. Saba. Hapo ndipo jasho lilipoanza kumtoka. Aligeuka kuangalia mlango. Aliinua mkono juu, kama mtoto, chumbani hamna msimamizi. Sita. Mkono wake mwingine ulikuwa umbali wa shubiri moja kutoka kwenye kipanya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tumeambiwa tangu tunanyonya. Muindi alikuwa analisikia la mkuu kwa masikio yote mawili, na guu lilikuwa linavunjika vilevile, taratibu, mbele ya macho yake.

Jenereta lilinguruma ikiwa zimebaki dakika tatu. Madam Pauline aliingia akihema. "Haya, endeleeni. Wale mashine zao zilizima, msijali, saa yenu ilisimama pale pale mlipokuwa."

"Madam," Muindi alisema. "Sisi ambao hazikuzima, mtatuongezea hizo dakika?"

"Kwani yako ilizima?"

"Haikuzima."

"Si basi uko sawa? Endelea, mzee, muda unaisha."

"Madam, ulisema wote wasiguse."

Alimtazama, na Muindi aliona usoni mwake kwamba ameelewa. Ilikuwa sekunde moja tu. Kisha akatazama kompyuta, akatazama mikono yake mwenyewe. "Mimi siwezi kuongeza kitu hapo," alisema kwa sauti ya chini. "Hiyo saa si yangu. Iko ndani ya mashine."

Alijibu mawili. La tatu alikuwa analichora kioo kilipobadilika rangi, kikamshukuru kwa kushiriki.

Mlangoni palikuwa na meza, na juu yake fomu. Katika mitihani ya karatasi ilikuwa desturi: unapotoka unaweka sahihi kuonyesha kwamba ulikuja. Muindi alikuwa haoni vizuri kwa machozi aliyokuwa anayazuia. Akaandika jina lake, tarehe, akaweka sahihi, kwa mwandiko uleule mzuri. Nusu saa baadaye matokeo yalibandikwa ukutani. Lenny alipata arobaini na mbili. Wale ambao mashine zao zilikufa walifaulu wengi. Muindi alipata thelathini na saba. Ya kufaulu ilikuwa thelathini na nane.

Nyumbani Wavinya alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anakata sukumawiki, akaacha.

"Baba Ngina. Hukuona wengine wakiendelea?"

"Niliwaona."

"Na yako ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka."

"Sasa?"

"Tuliambiwa tusiguse."

Wavinya alirudi kwenye sukumawiki yake, akaikata nyembamba sana, nyembamba kuliko inavyohitajika. Hakuwahi kumuuliza tena, na Muindi angependa amuulize. Kelele angezivumilia.

Aliandika barua ya rufaa, kurasa nne, kwa mkono. Alieleza dakika moja moja. Kapteni Erastus aliipeleka mwenyewe. Wakangoja Mei, wakangoja Juni. Mwenye kampuni ya mizigo alipiga simu mara mbili kuuliza, ya tatu hakupiga. Julai wiki ya pili Muindi aliitwa ofisini, akapokewa na afisa mmoja mwenye nywele za mvi, Bwana Mbithi, ambaye aliposoma jina alitabasamu, akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Wi museo? Maundu wa wapi?"

"Wa Wamunyu."

"Aiya. Sisi ni watu wa Masii. Keti, ndugu yangu, keti."

Muindi aliketi, na moyo ukampanda. Ni kosa letu lingine hilo, kudhani lugha ya mama inafungua milango.

Bwana Mbithi alikuwa na barua yake mezani. Alikuwa ameisoma, tena kwa makini. "Nimeangalia rekodi ya kompyuta," alisema. "Inaonyesha kweli dakika kumi na moja hukubofya kitu. Lakini haionyeshi ni kwa nini. Pengine ulikuwa unafikiria. Pengine ulikuwa umekwama. Mashine inajua ulikaa kimya, basi."

"Madam Pauline anajua."

"Tulimuuliza. Anasema alitangaza watu watulie. Hakumbuki maneno yenyewe." Alivuta faili karibu. "Ningekuwa na njia, ndugu yangu, ningeitumia. Lakini kuna hii."

Akatoa ile fomu ya mlangoni. Muindi aliisoma kwa mara ya kwanza. Juu, kwa Kiingereza cha herufi ndogo, ilisema kwamba mtahiniwa anathibitisha amepewa muda wake wote na hakukatizwa kwa namna yoyote. Chini ya maneno hayo palikuwa na jina Muindi Maundu, herufi zimelala upande mmoja, bila doa.

"Hii sahihi ni yako?"

Angeweza kukana. Kioko angekana. Lenny angekana na kuomba chai juu yake.

"Ni yangu."

"Nilijua tu," Bwana Mbithi alisema kwa huzuni. "Mwandiko ni uleule wa barua. Una mwandiko mzuri sana."

Jumamosi iliyofuata alikwenda Wamunyu kumwambia baba yake. Mzee Maundu alikuwa na macho hafifu tayari, anachonga kwa kupapasa. Alisikiliza, akasema tu, "Mwana wakwa," yaani mwanangu, na kuendelea kulainisha mgongo wa kifaru. Kioko ndiye aliyecheka. Alicheka mpaka akaweka patasi chini, halafu kicheko kikamgeuka, akafuta macho kwa kiganja chenye vumbi la mbao.

"Mimi walinifuta kwa sababu sikusimama," alisema. "Wewe kwa sababu umesimama. Hebu niambie, Muindi, hawa watu wa mtihani wanataka tuwe vipi?"

Kapteni Erastus alimsihi Muindi aanze upya, mitihani yote saba, naye akasema atafikiria, na Erastus akajua maana yake. Kitabu cha safari kiko juu ya kabati, kimefungwa kwa karatasi ya nailoni. Watu wa Mlolongo bado wanamwita Kapteni. Alimwomba muuza mboga aache, mama wa watu akadhani ni unyenyekevu, akazidisha.

Kile kiti cha rubani msaidizi alikipata Lenny.

Mtu asimchukie Lenny. Siku ya kwanza alipokuja na shati jeupe lenye mistari mabegani, ndege yake ikiwa inangoja mafuta, alimwendea Muindi akiwa amevua kofia.

"Mzee, ile siku," alisema. "Nilikuona umeweka mikono kwa magoti. Walahi nilidhani umemaliza."

"Najua."

"Ningekushtua."

"Najua, kijana wangu."

Muindi alijaza tangi la kushoto, akajaza la kulia, akafunga vifuniko na kuvijaribu mara mbili kama ilivyo desturi yake. Kisha akaandika hati ya mafuta, ambayo mtu wa mafuta na rubani lazima waitie sahihi wote wawili. Lenny alitia yake upesi akiwa amesimama. Muindi aliichukua, akavaa miwani, akaanza kuisoma kuanzia juu kabisa, neno kwa neno, mpaka yale maandishi madogo ya chini ambayo hakuna anayeyasoma.

Lenny aliangalia saa. "Mzee, hiyo si ni ile tu ya kila siku?"

"Ngoja nisome."

Aliisoma yote. Hakukuwa na kitu ndani yake. Akatia sahihi, akakunja mpira wa mafuta, akavuta ngazi pembeni, akaenda kusimama nyuma ya mstari wa manjano, mahali ambapo wafanyakazi wameamriwa wasimame, mikono chini, mpaka ndege iondoke.